Ngoma Zilizohamia Kwenye Kinanda

Kila Jumamosi Eunike alikata majani ya ng'ombe, akafagia uwanja, kisha akapita katikati ya migomba kwenda mazoezi ya kwaya. Jumamosi hii alikwenda pia, lakini miguu ilikuwa mizito kana kwamba amefungiwa mikungu miwili ya ndizi.

Kanisani kulikuwa na msiba usio na maiti. Mwalimu Gidioni alikuwa amelala chali chini ya meza, nyaya zimemzunguka kama chatu. Juu ya meza ilikaa sikwensa, mashine ndogo inayokumbuka nyimbo na kuviamuru vyombo vipige: kinanda kikubwa, kinanda cha besi na kisanduku cha ngoma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hebu bonyeza hapo."

Eunike akabonyeza. Ngoma kimya. Besi kimya. Kinanda kikubwa peke yake kikapiga ya kwake na ya wenzake, kelele ambayo majirani huapa ilikausha maziwa ya ng'ombe watatu.

Gari la kuwapeleka Moshi kwenye mashindano lilikuwa njiani.

"Nyaya zote nzima," alisema Mwalimu akijitokeza, utando wa buibui ndevuni. Akamgeukia mwanakwaya aliyesimama karibu na meza. "Elinipendo! Jana wewe ndiye uliyebaki kufagia. Uliiangusha hii?"

"Hapana, Mwalimu! Haki ya Mungu!"

"Basi imejifia yenyewe? Leo hupandi gari. Na sisi tutapanda kufanya nini, sijui."

Elinipendo akaangua kilio, machozi yakidondokea sare mpya. Jana, kwenye mazoezi ya ziada, wenzake walipotoka kunywa uji, Eunike aliingia kwenye mashine akabadili namba za chaneli, njia ambazo kila chombo hupokelea amri zake. Zote aliziweka moja, namba ya kinanda kikubwa anachokisimamia yeye, ili kisikike kuliko vyote. Alipotaka kuzirudisha, alikuwa amezisahau. Akafunika mashine, akaondoka.

Nje honi ikalia.

"Mwalimu." Sauti yake ilitoka kama ya kifaranga. "Si Elinipendo. Ni mimi. Vyote niliviweka chaneli ya kwanza."

Mwalimu akamkodolea macho. "Tangu asubuhi natafuta ugonjwa kwenye mishipa, kumbe uko kichwani!" Akafunua jalada la kitabu chake cha nyimbo. Namba zilikuwa humo, kwa penseli: kinanda moja, besi mbili, ngoma kumi. "Rudisha mwenyewe."

Eunike akarudisha, akabonyeza. Ngoma ikadunda kisandukuni mwake. Besi ikanguruma. Kinanda kikashika zamu yake.

Mwalimu akamgeukia Elinipendo kwanza. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuhukumu bila ushahidi." Kisha akamwambia Eunike, "Unaujua mfongo unaotuletea maji kutoka mlimani. Ukiziba milango ya wenzako, kwako kunakuwaje?"

"Mafuriko, Mwalimu."

"Na kwa jirani?"

"Ukame."

"Ndivyo ulivyofanya. Na mwizi wa maji akinyamaza, kijiji kizima tunafukua mfereji bure, tena tunamshika asiyehusika. Akisema, tunafungua mlango mmoja tu, maji yanapita. Kosa halirekebishwi mpaka lisemwe, Eunike. Haya, beba mashine."

Mlangoni Elinipendo akamkanyaga mguu, si kwa bahati mbaya.

"Majani ya ng'ombe wetu utakata wewe. Wiki nzima."

"Mbili," alisema Eunike, akaikumbatia mashine kama mtoto mchanga.