Kifua cha Binti Fundi

Mama Fundi alikuwa na cherehani mbili chumba cha mbele, na hakuficha kwamba mtaa mzima hauna fundi wa kumfikia. Binti yake, mwenye miaka ishirini na mbili, alikuwa amefundishwa kukata kitambaa na mama mwenyewe. Sasa binti alikuwa chuoni, na mwezi ule angefanya mtihani wa mwisho: kukata na kushona koti la kiume mbele ya wakaguzi. Mama alishamwambia kila mteja.

Siku moja nyumbani, akiwa na mkasi mkononi, binti alianza kuhema. Kifua kilimbana, vidole vikafa ganzi. Alisema hewa haimtoshi, anakufa. Mama akamshika mabega akimhimiza avute pumzi, avute sana. Kadiri alivyovuta, ndivyo kizunguzungu kilivyozidi. Baada ya robo saa akatulia.

Fundi ni fundi. Mama aliona kosa liko kwenye nguo. Alifumua mishono ya blauzi zote za binti, akaongeza inchi mbili kifuani. Binti akabaki anaogelea ndani ya nguo, na kifua kikabana vilevile. Hali ile ilipomjia mara ya tatu, binti aliweka mkasi chini, akasema mtihani hafanyi. Mama aliingia jikoni, akalia.

Jirani yao, muuguzi wa zahanati, alikuja kufuata sare yake akayakuta mablauzi mapana yamejaa kwenye kamba. Aliposimuliwa, alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Jirani, nguo haina kosa," alisema. "Lakini msikae mkibahatisha. Mpeleke apimwe."

Kesho yake walikwenda zahanati. Daktari alisikiliza moyo na mapafu, akapima damu, akauliza kama ana pumu. Hakuona ugonjwa. Akaeleza kwamba hofu inaweza kumfanya mtu apumue haraka na kwa nguvu kuliko mwili unavyohitaji. Hapo ndipo ganzi na kizunguzungu huja, na mtu huhisi hewa haimtoshi, kumbe inamtosha.

"Kwa hiyo nilikuwa namzidishia?" mama aliuliza.

"Bila kujua, mama. Wengi hufanya hivyo."

Muuguzi akamfundisha binti la kufanya: aketi, alegeze mabega, avute hewa taratibu kwa pua, aitoe taratibu zaidi kwa mdomo. Asipumulie ndani ya mfuko, maana ni hatari. Na kama kifua kinauma, midomo inabadilika rangi au anazimia, wakimbilie hospitali, wasingoje. Binti alifanya mazoezi kila asubuhi, hata siku alizojisikia vizuri.

Siku ya mtihani mama aliketi nje, karibu na dirisha. Katikati ya kazi aliona mkono wa binti umesimama. Alijua hali ile imemjia. Alitamani kupiga kelele, akajizuia. Binti aliweka mkasi mezani, akaketi, akashusha mabega. Wakaguzi walitazamana. Dakika chache zikapita. Kisha akainuka, akaushika mkasi, akaikata kola kwa mkono uliotulia.

Alifaulu. Alitoka na koti begani.

"Ilinijia, mama."

"Niliona, mwanangu."

Mama Fundi alilipokea koti, akaligeuza ndani nje, akalikagua mshono kwa mshono akitafuta kosa. Alilikosa. Machozi yakamlengalenga.

"Hili koti," alisema, "mimi nisingeweza kulikata."