Aliyesimama Kwenye Mstari

Evarista ndiye aliyeisikia kwanza ile harufu. Walikuwa wamefika kileleni, wamekaa juu ya jiwe wanakula chapati na mayai ya kuchemsha, akainua pua na kusema, "Uli, kuna mtu ameunguza maziwa."

Ulimboka akacheka. "Huku juu? Nani apike huku?"

Lakini naye aliisikia. Ilikuwa harufu nzito ya maziwa yaliyofurika na kuungulia jikoni, kana kwamba jiko lenyewe liko nyuma ya jiwe walilokalia. Akazunguka kuangalia. Hapakuwa na majivu, wala hata kinyesi cha mbuzi. Aliporudi, bonde lote la upande wa Haneti lilikuwa limefunikwa na ukungu, na ukungu ulikuwa unapanda.

Wote wawili walikuwa wageni Dodoma. Ulimboka, mtu wa Mbeya, alihamishiwa huko na idara yake ya upimaji ardhi. Evarista, mzaliwa wa Bukoba, alikuwa katibu muhtasi katika wizara moja. Walikuwa wamefunga ndoa karibuni, wakapanga nyumba mtaa wa Kikuyu, na kwa kuwa mjini hawakuwa na ndugu wa kuwatembelea, Jumamosi zao walizimalizia milimani. Siku hiyo waliacha gari kwa Mzee Bartolomayo, mfugaji ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho chini ya mlima. Mzee alitazama mawingu, akawaambia, "Ukungu ukishuka, kaeni chini. Msitembee." Ulimboka aliitikia kwa heshima. Moyoni alijua ana ramani na dira.

Sasa ukungu uliwafikia ukawameza. Simu hazikuwa na mtandao. Ulimboka akatandaza ramani juu ya jiwe, akaiweka dira juu yake na kuigeuza mpaka kaskazini ya ramani ikalala sawa na sindano.

"Tuko hapa," akamwonyesha mkewe. "Tunashuka na huu mgongo wa mlima. Kushoto kwetu kuna genge, mlima umekatika wima, ona hii mistari ya mwinuko ilivyobanana. Tukishika uelekeo wa dira, genge tutaliacha mbali."

"Na tusipoona mbele?"

"Wewe utatangulia mpaka nianze kukuona kwa shida, halafu usimame. Nitakwambia usogee kushoto au kulia mpaka uwe kwenye mstari wa dira. Nikikufikia, unatangulia tena."

Ndivyo walivyofanya, na ilikwenda vizuri. Koti la mvua la Evarista, la njano, liliingia kwenye weupe likafifia, likasimama. "Kulia kidogo," Ulimboka aliita. "Hapo hapo." Akamfuata. Walifanya hivyo mara kadhaa, na Evarista alikuwa ameanza kutania kwamba Jumatatu ataomba kazi ya upimaji.

Halafu ile harufu ikarudi, kali zaidi, na Evarista alipotangulia safari hiyo hakutania.

Ulimboka aliinua dira usawa wa macho. Koti la njano lilikuwa limesimama mbele, limempa mgongo. Akafungua mdomo ili amwelekeze, akaona hakuna haja, kwa sababu alikuwa amesimama kwenye mstari barabara. Akaanza kumfuata. Alipobakiza hatua chache, koti likaondoka bila neno, likaenda mbele, likasimama tena, na mara hii pia lilikuwa kwenye mstari.

"Eva, ningoje basi."

"Nakungoja wapi?" sauti ya mkewe ikajibu. "Mimi niko huku. Koti limenasa kwenye miiba."

Sauti ilitoka kushoto, nyuma kidogo yake.

Ulimboka alisimama. Akatazama mbele: koti la njano, kofia yake imevutwa kichwani, limetulia. Akatazama kushoto: weupe mtupu.

"Uli?" Sauti ilikuwa ya chini sasa. "Uli, mbona kimya?"

"Rudia," alinong'ona. "Sema tena, uko wapi?"

"Niko hapa, karibu nawe. Ninakuona. Uli, huyo uliyesimama naye ni nani?"

Nywele zilimsimama. Aliitazama dira kwa sababu hakuwa na kingine cha kutazama, na sindano ilikuwa imetulia kama iko mezani ofisini, na yule wa mbele alikuwa kwenye mstari, na kushoto, kwa mujibu wa ramani aliyoijua, kulikuwa na genge ambalo mtu hawezi kusimama pembeni yake akanaswa na miiba bila kuteleza, kwa hiyo aliyekuwa akimwita kutoka huko hakuwa mkewe bali kitu kinachotaka aende huko akaanguke. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Kazini alikuwa amefundisha vijana wengi kwamba mtu aliyepotea asiyaamini masikio yake wala moyo wake, aiamini dira, na sasa alijifundisha mwenyewe neno hilo hilo huku meno yakigongana, akainua mguu na kulifuata koti la njano.

"Uli, usiende naye!" sauti ililia. "Mume wangu, usiniache huku!"

Alilia naye pia, lakini miguu haikusimama. Kila alipokaribia, koti lilisogea mbele, na kila lilipostahili kusimama lilisimama, halikuyumba kushoto wala kulia, likamteremsha mgongo wote wa mlima salama kabisa, mawe hayakumjeruhi na shimo hakuingia, na nyuma yake sauti ya mkewe ikaendelea kumwita, ikapungua, ikawa kama mtoto anayelia nyumba ya tatu, mpaka ikaisha.

Ukungu ukakatika ghafla, na mbele yake akaiona nyumba ya Mzee Bartolomayo na gari lao. Mzee alikuwa amesimama uani na fimbo yake.

"Mkeo umemwacha wapi?" mzee aliuliza.

"Si huyu hapa ametangulia..."

Mbele yake hapakuwa na mtu. Udongo ulikuwa umelowa, na njia nzima aliyoshukia ilikuwa na alama za viatu vyake tu.

Alitaka kurudi mbio, mzee akamkamata mkono. "Wewe peke yako hurudi. Utampata nani huko, unajua? Ukungu ukishuka sisi tunakaa chini, hata kama ng'ombe wamepotea. Ukitembea, kinakuja kitu kutembea na wewe."

"Mzee, nimemsikia akiniita! Nimemsikia nikamwacha!"

Mzee Bartolomayo hakumwachia mkono. Alimketisha, akatuma watu waitwe, nao walikuja lakini ukungu haukuinuka, na hakuna aliyekubali kupanda mpaka kulipopambazuka na kilele kikaonekana.

Walimkuta mapema. Alikuwa amekaa chini ya jabali, karibu na genge, koti limechanwa na miiba, mzima. Ulimboka alimwangukia akilia. Evarista alimtazama kwa mshangao.

"Mbona umerudi tena?" akamwuliza. "Si umeondoka sasa hivi tu?"

Watu wakatazamana. Mzee Bartolomayo akawaambia wamshushe haraka na wasimwulize kitu.

Wakiwa garini, barabarani kuelekea mjini, ndipo Evarista aliposimulia kwa sauti ndogo. "Yule uliyemfuata alipopotea, ulirudi kwangu. Ulinishika mkono ukakaa nami pale muda wote. Hukuwa na maneno mengi. Ulikuwa wa baridi, nikasema ni ukungu."

"Nilisema nini?"

"Uliniuliza njia ya nyumbani. Nilijua umechanganyikiwa, nikaogopa, nikawa nakutuliza. Nikakueleza yote, kuanzia barabara kuu, kona ya kuingia Kikuyu, geti la bluu, mpaka mahali tunapoficha ufunguo wa akiba." Akajifuta macho. "Kulipokucha ukasema umeelewa, ukaondoka."

Ulimboka aliendelea kuendesha. Angeweza kugeuza gari, ila wangegeuzia wapi, na kwa nani?

Walipofika, jirani yao Emilia alikuwa anafua nje ya geti lake. Aliinua kichwa, na tabasamu likamkauka.

"Jirani, umetoka saa ngapi?" akamwuliza Ulimboka. "Nimekusalimia asubuhi unaingia, hukuitika. Sasa hivi tu nimekusikia ndani unasogeza viti."

Ulimboka alimshika mkewe mkono. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi kidogo, na kutoka ndani, kwa upole, sauti yake mwenyewe ikaita, "Eva? Ingia basi, mke wangu. Mbona umesimama juani?"

Alimgeukia mkewe ili amwambie wakimbie. Lakini Evarista hakuwa akiutazama mlango. Alikuwa akimtazama yeye, usoni, kisha mkono uliomshika, kisha usoni tena. Polepole akauchomoa mkono wake, akarudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa Emilia.