Gome la Kisiwani na Chupa ya Maji

Siku hiyo ilikuwa Jumapili asubuhi. Mama Povu alikuwa ameanza kuanika mashuka ya wateja. Yeye ni dobi. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu mikono yake haikosi povu. Mumewe anaitwa Kindi, naye hakupewa jina lake bure. Hupanda mti kama mwingine anavyopanda ngazi za nyumbani kwake. Zamani alikata matawi yaliyogusa nyaya za umeme. Sasa alikuwa na kibarua kipya. Alimpandia miti mtafiti wa makumbusho, aliyemwita Daktari, katika misitu ya visiwani.

Mtafiti alikuwa ametangulia kurudi. Kindi alifika jana yake na mizigo, akakuta ofisi imefungwa. Basi akaenda na mizigo nyumbani. Asubuhi hiyo alifungua bahasha moja ya karatasi mezani. Ndani mlikuwa na kipande cha gome, kidogo kama kiganja cha mtoto.

"Safari yote hiyo, umeniletea ganda la mti?" aliuliza Mama Povu. "Wenzio wakisafiri huleta zawadi."

"Usiangalie gome. Angalia kilichoota juu yake."

Mama Povu aliinama. Aliona vitu kama majani madogo ya kijivu, yamejikunja pembeni.

"Huu si ukurutu? Huo mti ulikuwa unaumwa."

"Hata mimi nilidhani hivyo," alisema Kindi. "Daktari anasema ni kuvu na mwani wanaishi pamoja. Kuvu hujenga nyumba. Mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Wakiungana hivyo huitwa kuvumwani. Wanakaa juu ya mti tu. Hawauli wala hawaudhuru."

"Basi wana adabu kuliko kaka yako anayekula na kulala kwenye kochi letu."

Kindi alicheka, kisha akashusha sauti. "Huyu huenda hajawahi kuandikwa na mtaalamu yeyote. Tulimwona kwenye tawi moja tu. Daktari alikata kipande hiki kimoja. Aliniambia nikitunze kama mboni ya jicho."

Mama Povu alirudi kwenye kamba yake. Kindi alibaki akikitazama kipande. Kule msituni, baada ya mvua, kilikuwa laini na cha kijani. Sasa kilikuwa kikavu na kimefifia. Alikihurumia, akidhani kinakufa kwa kiu. Akachukua chupa ya maji kwenye rafu ya chini, akakinyunyizia.

Harufu kali ilimpanda puani. Upande mmoja wa kipande ukageuka mwekundu kama damu.

"Mke wangu! Njoo!"

Mama Povu alikuja mbio na shuka bado liko begani. Alinusa mara moja tu.

"Umefanya nini? Hayo si maji! Hiyo ni dawa ya madoa, ile ya nguo nyeupe!"

"Mbona iko kwenye chupa ya maji?"

"Dumu lilikuwa zito. Nikapunguzia humo."

"Na ukaiweka rafu ya chini?"

Wote wawili waligeuka. Binti yao mdogo alikuwa akicheza sakafuni, karibu na rafu. Rafu ile anaifikia. Mama Povu alitupa shuka. Alimwinua mtoto, akamnusa mdomo, akashukuru.

Muda si mrefu ule wekundu ulififia. Likabaki baka jeupe. Kindi aliligusa kwa kidole.

"Tusiseme kitu," alisema. "Ataliona baka, atadhani ndivyo lilivyoumbwa."

"Halafu aandike kitabuni kwamba kiumbe hiki kina mabaka meupe? Watu watatafuta mabaka meupe msituni mpaka wazeeke."

"Nikisema, kibarua changu kitaota nyasi."

"Mficha uchi hazai, mume wangu. Kesho tunakwenda wote. Chupa niliiweka mimi."

Jumatatu waliingia chumba cha Mtafiti. Kabati za chuma zilijaa bahasha za karatasi. Hadubini ilikuwa mezani karibu na dirisha. Kindi alieleza yote akitazama viatu vyake. Mtafiti alikuwa mama mpole, lakini uso wake ulibadilika.

"Kindi, nilikwambia ukitunze. Sikukwambia ukinyweshe."

"Nilidhani kinakufa, Daktari."

"Kikikauka kimelala tu. Ndiyo maana tunakiweka kwenye karatasi, kipate hewa. Hata ungetia maji safi halafu ukafunga bahasha, kingeota ukungu na kuoza."

Kindi aliona nyasi zinaanza kuota. Mama Povu akaingilia.

"Daktari, kosa la chupa ni langu. Nilipofika bado kilikuwa chekundu kabisa."

Mtafiti aliinua kichwa. "Chekundu? Mmeona wote wawili?"

"Kama damu," alisema Kindi.

Mtafiti aliinuka haraka. Alitoa kabatini bahasha ya kuvumwani mwingine, wa bara, anayefanana sana na huyu wa kisiwani. Akabandua chembe moja. Akadondosha tone moja la dawa yenye harufu ileile kutoka chupa ndogo, akachungulia kwenye hadubini. Haikubadilika. Kisha akabandua chembe kutoka sehemu isiyomwagiwa dawa ya kile kipande cha Kindi, akadondosha tone. Chembe ikawa nyekundu.

"Kumbe na nyinyi mnatumia dawa ya madoa!" alisema Mama Povu.

"Ni mojawapo ya vipimo vyetu vya kutofautisha wanaofanana. Ila sisi tunatumia tone moja kwenye chembe moja. Hatumwagi chupa."

"Basi huyu ni mpya?" aliuliza Kindi.

"Taratibu. Rangi peke yake haitoshi. Nitapima umbo lake na mbegu zake, hizi zisizoonekana kwa macho. Nitamlinganisha na wote wanaojulikana. Nitaandika, na wataalamu wengine watanikagua. Na kipande kimoja ni kidogo mno. Lazima urudi kisiwani."

"Mimi?"

"Ungenificha, ningeandika uongo bila kujua. Nitamtuma nani mwingine?"

Kabla ya safari, Mtafiti alimpa Kindi chupa ndogo ya dawa. Mama Povu aliikagua, hakuridhika. Alibandika karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: SI MAJI. Nyumbani, dawa yote ilirudi kwenye dumu lake, na dumu likapanda rafu ya juu kabisa.

Kindi alimpata kuvumwani yule kwenye miti kadhaa. Alichukua vipande vichache, vingine akaviacha viendelee kukua. Kila tone lilitoa wekundu. Mtafiti alifanya kazi mwaka mzima. Mwishowe wataalamu walikubali, na kiumbe kile kikapewa jina jipya la kitaalamu. Kipande cha kwanza kimo kabatini, kikavu, kwenye karatasi. Juu yake imeandikwa kwamba baka jeupe lilitokana na dawa, ili asije mtu akadanganyika.

Siku hizi Kindi akipewa maji hunusa kwanza, hata kwa wakwe. Mama Povu humcheka, lakini hamkatazi. Binti yao naye ameiga. Hanywi kitu kabla hajauliza, "Mama, haya ni maji?"