Vigingi Vitatu vya Mindra

Mindra wa kijiji cha Dadamu hakuwa na baiskeli. Hakuwa na viatu vya pili, wala saa, wala ndugu wa kupokezana naye jerikeni ya maji. Hata shamba hakuwa nalo, mpaka mwaka huu alipofikisha miaka kumi na miwili na mama yake, Jovia, akampa kipande cha ardhi. Alipanda mistari sita ya karanga. Alichokuwa nacho tangu zamani ni mwandiko mzuri, na kwa sababu hiyo kikundi cha wakulima kilimfanya mwandishi wa barua zake.

Kila asubuhi kabla ya shule alishuka mteremko kwenda kuchota maji kwenye chemchemi. Alipita karanga zake, kisha maharagwe ya Mama Emilia, mkimbizi kutoka Sudani Kusini aliyepewa na kikundi sehemu ya kulima. Miaka ya nyuma, mvua ilizoa udongo wa mteremko na kuumwaga kwenye chemchemi. Ndiyo maana wakulima waliamua kuchimba pamoja mtaro mmoja mrefu wa kuzuia maji, unaopita katika mashamba yote kumi na moja.

Constantino, mkulima kutoka mji wa Koboko, alikuja kuwapimia. Kipimo chake kilikuwa miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na jiwe likining'inia katikati kwa kamba. Jiwe likitulia kwenye alama iliyokatwa kwenye mti wa katikati, miguu yote miwili iko usawa mmoja, na hapo hupigwa kigingi. Alipiga vigingi sitini, akawaachia kipimo, akaahidi kurudi kupima sehemu ya juu ya mteremko. Vigingi vitatu viliangukia katikati ya karanga za Mindra, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zikitoa maua.

Hakumwambia mtu. Asubuhi iliyofuata aliweka jerikeni chini, akang'oa vigingi vile vitatu na kuvipigilia hatua nne chini zaidi, nje ya karanga zake. Kati ya sitini, nani angekumbuka vitatu? Jumamosi watu walichimba huku wakiimba, wakifuata vigingi.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Jumanne mchana. Maji yaliyotakiwa kutulia mtaroni yalikimbilia pale palipoinama, yakabomoa ukingo, yakayazoa maharagwe ya Mama Emilia na kuingia kwenye chemchemi. Kesho yake watu walichota maji mekundu kama matofali.

Kikundi kilikutana penye mtaro uliobomoka.

"Kipimo cha Koboko kililewa!" alisema Obitre, kijana mwenye maneno mengi. "Huyo mtu angekuwa refa wa mpira pale Onduparaka, tungemfukuza kabla ya mapumziko."

Watu walicheka kwa hasira.

"Mimi nilimwona," alisema Mama Emilia. "Alipima kila mahali mara mbili."

"Mama, shamba lako limekwenda na maji, na bado unamtetea?" Obitre aliuliza.

Mzee Acidri, mwenyekiti, alikata shauri. "Mindra, andika. Mwambie asirudi. Na wenzake huko Koboko wajue kazi yake ilivyo mbaya."

Mindra aliandika. Kwa mara ya kwanza mwandiko wake ulipinda. Constantino asiporudi, sehemu ya juu haitapimwa, na chemchemi itaendelea kujaa udongo. Na mtu aliyewasaidia atavunjiwa jina kwa kosa lisilo lake.

"Soma," alisema Mzee Acidri.

"Ndugu Constantino, ulitupimia vi..." Akaishusha karatasi.

"Barua iko na nini?" Obitre alidakia. "Wino imeisha?"

"Siwezi kuisoma, mzee. Si kweli. Vigingi nilivisogeza mimi."

Jovia, mama yake, aliinamisha uso. Mindra aliwaongoza hadi kwenye karanga, akafunua majani. Matundu matatu yalikuwa bado yapo. Mzee Acidri alichukua kipimo, akapima kutoka kigingi cha karibu kisichosogezwa hadi tundu la kwanza, kisha la pili na la tatu. Kila mara jiwe lilitulia kwenye alama.

Mindra alishika shina la kwanza la karanga, akaling'oa. Mama Emilia aliinama upande wa pili wa mstari.

"Nakusaidia hapa," alisema. "Maharagwe yangu nayo utanisaidia kuyapanda upya."

"Ndiyo, mama. Yote."

Siku hiyohiyo wote walishika majembe, wakachimba upya sehemu hiyo ya mtaro kwa kufuata yale matundu matatu. Baada ya wiki mbili mvua kubwa ilirudi. Maji yalitulia mtaroni kutoka mwanzo hadi mwisho, na asubuhi Mindra aliona mchanga mweupe chini ya maji maangavu ya chemchemi.

Mzee Acidri alimwita mbele ya kikundi. "Kuzipenda karanga zako si kosa. Mtaro huu umekula muhogo wangu pia, na iliniuma. Kosa lako ni kuficha. Ungesema, tungekaa tukatafuta njia. Kazi ya watu kumi na mmoja, mmoja akiigeuza kwa siri, wote wanaumia. Sasa andika barua nyingine."

Mindra aliandika kwa mwandiko ulionyooka: "Ndugu Constantino, vigingi vyako vilikuwa sawa. Niliyevisogeza ni mimi, Mindra, na ninaomba radhi. Tafadhali njoo utupimie sehemu ya juu. Safari hii nitakubebea vigingi."

Kikundi kilikubali kila neno. Mindra alipaka bahasha gundi ya unga wa muhogo, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akaenda barabarani na kuikabidhi mkononi mwa dereva wa basi la Koboko.