Wiki ya Kupumzika

Mtu mzima akianguka sokoni, hapa Cebu, Ufilipino, hatuulizi kama ameumia, tunacheka kwanza. Delfin alianguka saa kumi na moja na nusu alfajiri, katikati ya soko la Carbon, mbele ya wauza samaki na wapagazi, akiwa kavaa nguo ya baiskeli ya manjano iliyombana kila mahali. Viatu vyake vilikuwa na chuma chini, na sakafu ya soko letu ni maji na magamba ya samaki. Akateleza mpaka chini ya meza ya Jovelyn, muuza vitafunwa, sufuria ya chokoleti ya moto ikayumba.

"Dong, umekuja kununua au kupiga deki?" Jovelyn akamuuliza. Huku kwetu kila kijana ni Dong, na kila binti ni Inday.

"Kununua," sauti ikatoka chini ya meza. "Huku chini bei ikoje?"

Jovelyn akacheka mpaka penseli aliyobania nywele ikachomoka. Siku hiyo alikuwa na gauni la maua na aproni nyeupe. Alimwona Delfin akiinuka huku kafunika mdomo kwa mkono, akadhani ameumia. Kumbe ndivyo anavyocheka siku zote. Alizaliwa na mdomo uliopasuka, akashonwa akiwa mkubwa, na kovu lilibaki. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia, na kwa miaka thelathini na tisa aliamini hakuna mwanamke anayeweza kumtazama usoni akafurahi. Wanaume wengine bwana, hujihukumu wenyewe hata kabla ya kushtakiwa.

Ilikuwa Februari. Alikuwa ameanza mazoezi ya mbio za hisani za Septemba, zile za kuogelea, baiskeli na kukimbia, za kuchangia watoto waliozaliwa kama yeye wapate kushonwa mapema. Kuanzia siku hiyo kila alfajiri alisimamisha baiskeli kwa Jovelyn na kununua budbud tatu, wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la mgomba. Moja aliila palepale, mbili akaziweka mfuko wa mgongoni.

"Leo unaenda wapi, bwana mbio?"

"Kilomita themanini, Inday."

"Themanini! Na ukifika unafanya nini?"

"Narudi."

"Makubwa! Wenzako wanapanda basi."

Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao. Hakuna aliyetamka neno lenyewe, lakini soko zima lilijua. Manang Pacing, mama wa meza ya pili anayeuza maembe, aliwaita maharusi bila kuficha.

Jovelyn alikuwa mpweke, tusifichane. Mama yake alikufa miaka miwili nyuma, kaka zake wako melini. Chumbani kwake alikuwa na jiko la umeme la wali, dogo kuliko yote dukani, na bado wali ulibaki kila siku. Mwezi wa Juni, kabla mambo na Delfin hayajakolea, alisaini mkataba wa miaka mitatu wa kumtunza mzee mmoja Taichung, Taiwan. Ndege ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi, siku ileile ya mbio. Hakumwambia Delfin. Alijiwekea ahadi moyoni: wiki ya mwisho nitamwambia, na akisema neno moja tu, usiende, nitabaki.

Jumatatu ya wiki ya mwisho alivaa gauni jipya la buluu. Akaweka budbud tatu pembeni. Jua likapanda, Delfin hakutokea. Jumanne hakutokea. Jumatano Manang Pacing akasema, "Mpigie simu mwanangu, utazeeka hapo." Akapiga.

"Haloo, Inday!" Sauti ya Delfin ilikuwa ya mtu aliyetoka usingizini.

"Umelala saa hizi?"

"Kocha kasema wiki hii ni ya kupumzika. Nalala, naegemeza miguu ukutani, basi."

"Unapumzika. Na mbio ni Jumapili."

"Ndiyo maana napumzika! Na chakula cha sokoni kanikataza mpaka mbio ziishe. Anaogopa tumbo."

Jovelyn akazitazama zile budbud tatu. Miaka minane anapika, hajawahi kumuumiza mtu tumbo.

"Nina safari Jumapili," akasema.

Delfin alijua Jovelyn ana shangazi kisiwani Bohol, akadhani ndiko anakokwenda. "Eeh, vizuri! Usinisahau zawadi, mpenzi wangu."

Neno hilo lilimtoka kwa mara ya kwanza, tena kwa utani, na Jovelyn alikuwa ameshakata simu. Halikumfikia.

Mkimbiaji yeyote angemwelewa Delfin. Wiki ya mwisho wote hupunguza mazoezi ili miguu ipate nguvu, na kwao ni jambo la kawaida mno hata hawakumbuki kumweleza mtu. Jovelyn angejuaje? Mtu akikaribia mtihani husoma zaidi. Huyu mbio zimekaribia, ati analala! Akaona ni visingizio vya mwanamume aliyechoka. Na sisi wanawake wa huku tukiumizwa hatupigi kelele, tunanyamaza mpaka uje utubembeleze. Ijumaa akampa binamu ya Manang Pacing meza yake. Jioni binti wa yule mzee akampigia kutoka Taichung, kwa Kiingereza cha kubabaisha, akimwambia mtunzaji wa zamani ameondoka na baba anauliza kila siku mgeni atafika lini. Jovelyn akamwahidi Jumapili.

Delfin naye, chumbani mwake mtaa wa Mabolo, miguu ukutani, alikuwa taabani. Mwili uliozoea kuchoka ukipumzishwa, moyo ndio unaanza kukimbia. Alitaka kwenda sokoni, akamwogopa kocha. Alipiga simu mara nne Ijumaa, ikaita mpaka ikakatika. Akajiambia labda ametangulia Bohol, huenda mtandao ni mbaya, lakini usingizi haukuja.

Jumapili asubuhi teksi ya Jovelyn ilivuka daraja kuingia kisiwa cha Mactan, ulipo uwanja wa ndege, ikakwama. Barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mbio.

"Hapa mpaka watupishe, Ma'am," dereva akasema. "Uwanja wa ndege uko palepale, hautahama."

Jovelyn akashuka kupata hewa. Waendesha baiskeli walipita wakivuma. Aliangalia chini makusudi. Lakini nguo ya manjano aliiona kwa pembe ya jicho, akainua uso. Baiskeli ikapunguza mwendo, ikasimama. Delfin alikuwa analowa jasho, namba 614 imeandikwa kwa kalamu nene mkononi. Akamtazama yeye, akatazama sanduku kubwa kwenye buti lililofungwa kamba.

"Sanduku lote hilo la Bohol?"

"Taiwan. Miaka mitatu."

Wenzake walimpita, mmoja, watano, kumi. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Usiende," akasema.

Jovelyn akafumba macho. Alilisubiri neno hilo wiki nzima kwa gauni jipya.

"Ungesema Jumatatu, Delfin. Jumatatu ningebaki. Sasa kuna mzee ananisubiri, na nimempa neno langu."

"Jumatatu nilikuwa napumzika," akasema, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe, machozi yakamtoka.

Jovelyn akamwangalia ile midomo iliyokauka. Mkono ukaingia kwenye mkoba kwa mazoea, ukatoa budbud aliyojifungia ya safari.

"Namba 614!" msimamizi wa barabara akapiga kelele. "Ukipokea chakula kwa mtazamaji, unafutwa! Hakuna medali!"

Delfin hajawahi kuvaa medali maishani. Alikuwa ameshapiga msumari ukutani wa kuitundikia. Akaipokea ile budbud, akalimenya jani taratibu, akala mbele ya msimamizi.

"Andika, kaka," akamwambia. Kisha akamgeukia Jovelyn, mdomo wazi, hakuufunika. "Nilikuwa naogopa. Nakupenda. Nitasubiri, miaka mitatu nitasubiri. Ukirudi utanioa?"

Dereva wa teksi akapiga honi kwa furaha. "Anauliza yeye aolewe!"

Jovelyn akacheka huku analia. Akampangusa punje ya wali kwenye kovu, mara ya kwanza kumgusa hapo.

"Maliza mbio kwanza," akasema.

Jioni, Taichung, katika chumba chenye kitanda kimoja na dirisha linalotazama ukuta, Jovelyn aliwasha simu. Kulikuwa na picha. Delfin kwenye mstari wa kumalizia, wa mwisho kabisa, bila medali, kapachika kifuani lile jani la mgomba kwa pini. Chini ameandika: *Nimemaliza. Nijibu.*

Mlango wa pili mzee alikuwa anaita kwa lugha asiyoijua. Jovelyn akaandika *Ndiyo*, akatuma, akaenda kumnawisha mzee uso.