Tumbo Lililogongwa Halikandwi

Mtaani kwao walimwita Mama Mikono, naye alilipenda jina hilo. Shingo iliyokakamaa, kifundo kilichoteguka, kiuno cha mama aliyelea watoto watano, vyote vilipita mikononi mwake. Benchi lake la barazani halikukosa watu.

"Mikono hii haina ubaguzi," alipenda kusema. "Inakanda mwenye nazo na asiye nazo, na wote wanapiga kelele sawasawa."

Aliishi na mwanawe wa pekee, fundi seremala, pamoja na mkwewe. Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba. Msumeno wa umeme ulilia tangu asubuhi. Ukinyamaza, mama alijua mwanawe amekwenda kunywa chai.

Siku moja msumeno ulinyamaza, lakini chai ilikuwa bado jikoni.

Fundi aliingia kwa mlango wa nyuma, akitembea taratibu. Mkono wake ulishika mbavu za kulia.

"Ubao umenasa kwenye msumeno," alisema. "Umerushwa, ukanipiga hapa. Si kitu. Mimi na mbao tumezoeana."

Mkewe alimfunua shati. Hapakuwa na jeraha. Palikuwa na alama ndogo tu chini ya mbavu. Wote watatu walishusha pumzi.

Baada ya saa moja, fundi alianza kugumia.

"Bega linaniuma. Hili la kulia."

"Ubao umekupiga na bega?" mama aliuliza.

"Hapana. Bega halikuguswa kabisa. Ila linauma kweli."

"Mshipa umejivuta," mama alisema, kwa uhakika wa miaka thelathini. "Lala hapa."

Alichukua chupa ya mafuta, akalikanda bega. Halikulegea. Basi akashuka kufuata maumivu, kama alivyozoea, mpaka tumboni. Akabonyeza mara moja.

Fundi alipiga ukelele. Mama alikwishasikia kelele za kila namna, lakini si kama hii. Jasho lilimtoka mwanawe usoni, nalo lilikuwa la baridi. Mama akaogopa.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa muuguzi. Alisikia, akaja mbio akiwa amevaa kiatu kimoja.

"Mama, toa mkono tumboni!"

Mama Mikono hakuzoea kuamriwa nyumbani kwake. Lakini aliutoa.

Muuguzi alishika mapigo ya fundi, akaelezwa habari ya ubao na bega. Uso wake ukabadilika.

"Tafuteni gari sasa hivi. Alale chali, asitembezwe."

"Nimpe maji kwanza?" mke aliuliza.

"Hapana. Asile wala asinywe chochote. Huenda akahitaji upasuaji."

"Lakini hana hata mchubuko!" mama alisema.

"Jeraha liko ndani, mama. Ini liko hapa, chini ya mbavu za kulia. Ni laini na limejaa damu. Likigongwa kwa nguvu linaweza kupasuka, huku ngozi ikiwa nzima. Damu ikivuja karibu yake, maumivu yanaweza kusikika begani. Bega linalia kwa niaba ya ini. Na tumbo lililogongwa halikandwi kamwe. Ukilibonyeza, unaweza kuzidisha damu."

Mama alitazama mikono yake, ingali iking'aa mafuta.

Hospitalini, fundi alipigwa picha za tumbo. Ini lilikuwa limepasuka. Daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno, aliwaita pembeni.

"Mapigo yametulia na presha ni nzuri. Kwa hiyo hatumpasui leo. Atalala bila kushuka kitandani, nasi tutampima kila mara. Hali ikibadilika, chumba cha upasuaji kiko tayari."

"Yaani mnamtazama tu?" mke aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Tunamtazama sana. Zamani, maini mengi yaliyopasuka yalifuatwa kwa kisu. Kisha madaktari wakaandika habari za wagonjwa, wakazilinganisha. Wakagundua kwamba mara nyingi ini hujiziba lenyewe, mgonjwa akitulia. Lakini lazima atulie hapa hospitali. Nyumbani, damu ikianza upya, nani atamwahi?"

Siku ya pili fundi alijisikia nafuu. Akaanza ukaidi.

"Kitanda hiki kinalia. Niletee bisibisi, nishuke nikikaze dakika mbili tu."

Mkewe alishika kiuno. "Ukipaka gundi kwenye kiungo cha meza, mteja akaja kukitikisa, unamwambia nini?"

"Namwambia aondoe mikono yake mpaka gundi ishike."

"Basi na ini lako limepakwa gundi. Lala!"

Fundi alicheka kidogo, akashika ubavu, akalala. Mama hakucheka.

Siku ya tatu daktari alileta fomu.

"Tunafanya utafiti kuhusu majeraha ya ini," alimwambia fundi. "Tunaomba kutumia taarifa zako. Jina lako halitaandikwa. Ukikataa, matibabu yako hayatabadilika."

Fundi alikubali, akatia sahihi. Daktari akauliza maswali. Alipigwa na nini? Saa ngapi? Kisha akauliza, "Kabla ya kufika hapa, kuna mtu aliyekukanda tumbo?"

Mkwe alitazama sakafu. Mama Mikono aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Angeweza kunyamaza. Nani angejua?

"Yupo," alisema. "Ni mimi, mama yake. Nilibonyeza mara moja."

Daktari aliandika. Hakumfokea.

"Ahsante, mama. Wengi hulificha jibu hili. Wakilificha, hatujui ni wangapi wanaumia hivyo, wala tumwonye nani."

Mama alijifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Nionye mimi," alisema. "Mtaani kwetu wanapita kwangu kwanza, ndipo waje kwako."

Siku hiyo daktari alivuta kiti, akamfundisha dalili zote. Mama alizirudia mpaka akazijua kwa moyo.

Fundi hakupasuliwa. Baada ya siku kumi alirudi nyumbani, na kwa miezi mitatu hakubeba hata stuli. Kabla ya kuwasha msumeno tena, alifunga kinga ya kuzuia ubao kurushwa. Tangu hapo husimama pembeni ya msumeno, hasimami tena nyuma ya ubao.

Asubuhi moja muuza maziwa alikuja kuketi kwenye benchi la barazani.

"Mama Mikono, nikande bega hili la kulia. Linaniua."

Mama alikwishamimina mafuta kiganjani. Akasita.

"Umeanguka?"

"Na baiskeli, alfajiri. Usukani ulinichoma tumboni. Lakini tumbo si neno, shida yangu ni bega."

"Kichwa kinazunguka?"

"Kidogo."

Mama alijifuta mafuta yote. Akamlaza chali na kumwita mwanawe alete gari.

"Hata hujanigusa!" muuza maziwa alilalamika. "Mikono imechoka siku hizi?"

"Haijachoka, mwanangu," alisema Mama Mikono. "Imesoma."