Fidla ya Uwimbabazi

Rafiki yangu Uwimbabazi wa mtaa wa Himbi alichaguliwa kwenda kushindana na wapiga fidla vijana wa mataifa mengine, lakini hakwenda. Majirani wanasema alinyimwa viza. Mimi aliniambia jambo jingine.

Alasiri moja, mvua ikiwa imekaribia, alienda na mwalimu wake wa fidla, Papa Havugimana, kufanya mazoezi katika ukumbi wa parokia. Walifunga madirisha yote ya mbao kwa sababu ya kelele za pikipiki. Alipofika katikati ya wimbo umeme ukakatika, ukumbi ukawa giza totoro.

“Endelea, mutoto wangu,” Papa Havugimana alisema kutoka mlangoni. “Hata mbele ya majaji taa inaweza kuzimika.”

Akaendelea. Mvua ikaanza kupiga mabati, kwanza polepole, kisha kwa kishindo. Mikono yake ikachoka. Akainua upinde kutoka kwenye nyuzi, akashusha mkono wa kushoto pia apumzike, fidla ikabaki imebanwa na kidevu tu.

Sauti ya fidla haikukoma.

“Vizuri sana!” mwalimu alipaza sauti, bado yuko mlangoni. “Sasa ndiyo unapiga! Usiache!”

“Papa, miye nilisha acha!”

Fidla ilikuwa ikitetemeka chini ya kidevu chake, wimbo ukienda mbio kuliko alivyowahi kuupiga. Uwimbabazi akapeleka mkono gizani azinyamazishe nyuzi. Vidole vyake vikakuta vingine vimetangulia, vyembamba na vya baridi, vikikimbia juu ya nyuzi, na havikusimama kumpisha.